Mvuke wa pembeni usikudanganye: chakula cha mtoto na maikrowevu

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Gari la shule linapiga honi nje ya geti na mtoto bado hajala. Dada anatoa bakuli la wali wa jana kwenye friji, analiingiza kwenye maikrowevu, anabonyeza dakika moja na nusu. Kengele inalia. Mvuke unapanda pembeni mwa bakuli, dada anagusa ukingo na kuvuta mkono haraka. “Umepata moto huo, kula upesi.” Mtoto anachota kijiko cha kwanza katikati, anakunja uso. “Dada, wa baridi.” Anaambiwa aache visa, gari linamsubiri. Anakula.

Katika nyumba nyingi tukio kama hilo hupita bila mtu kulikumbuka. Siku mtoto anaporudishwa nyumbani saa nne akitapika, wa kwanza kulaumiwa ni chakula cha shuleni, wa pili ni maji. Bakuli la asubuhi halitajwi, kwa sababu kila mtu aliliona likifuka mvuke.

Mtoto alikuwa anasema kweli. Maikrowevu inaweza kutoa chakula ambacho pembeni kinaunguza kidole na katikati kina ubaridi wa friji, ndani ya bakuli moja na kwa wakati mmoja. Huo si ubovu wa mashine. Ndivyo inavyofanya kazi, na mzazi akishaijua tabia hiyo ataitumia miaka mingi bila tatizo. Asipoijua, atakosea kwa namna mbili zilizo kinyume: atampa mtoto mkubwa kiporo ambacho hakijapata moto, na atampa mtoto mchanga maziwa yanayounguza.

Moto usiotoka chini

Kwenye jiko la gesi au la mkaa joto linatoka chini, na kila anayepika analijua hilo. Ndiyo maana anakoroga kutoka chini kwenda juu, na akisahau, harufu ya kuungua inamkumbusha. Maikrowevu haina chini wala juu. Ndani yake kuna kifaa kinachoitwa magnetroni, kinachotoa mawimbi ya jamii moja na yale ya redio, ila haya ni mafupi zaidi: urefu wa wimbi moja ni kama sentimita 12. Mawimbi yanagonga kuta za chuma, yanarudi, yanapishana. Pale yanapokutana na kuongezana, chakula kinapata moto mkali. Pale yanapokutana na kuuana, chakula kinabaki nyuma.

Anayetaka kuliona jambo hili kwa macho, afanye jaribio dogo na watoto Jumamosi. Toa kisahani cha kioo kinachozunguka, weka sahani iliyotulia isiyozunguka, panga juu yake vipande bapa vya chokoleti vikigusana, kisha washa kwa sekunde 20 hivi. Chokoleti haitayeyuka yote. Itayeyuka kwa madoa, na kati ya doa na doa kuna umbali wa kama sentimita 6, yaani nusu ya wimbi. Mtoto akishaona madoa yale haambiwi tena mara mbili kukoroga uji wake.

Na chokoleti ndiyo iliyoanzisha yote. Mwaka 1945 mhandisi wa Marekani aitwaye Percy Spencer, aliyekuwa akifanya kazi na mitambo ya rada katika kampuni ya Raytheon, alikuta pipi ya chokoleti imeyeyuka mfukoni mwake alipokuwa karibu na magnetroni inayofanya kazi. Miaka miwili baadaye jiko la kwanza la aina hiyo lilianza kuuzwa. Lilikuwa refu kuliko watu wengi na lilikuwa na uzito wa kilo 340 hivi, kwa hiyo hakuna aliyefikiria kuliweka juu ya friji.

Kisahani kinachozunguka kiliongezwa ili chakula kipite kwenye madoa ya moto na ya baridi kwa zamu. Kinasaidia, ila kina udhaifu ambao wengi hawaujui: kilichokaa katikati kabisa ya kisahani hakisafiri kokote, kinajizungusha palepale. Bakuli dogo la mtoto lisiwekwe katikati. Lisogezwe pembeni mwa kisahani ili lizunguke kweli.

Kuna jambo la pili. Watu husema maikrowevu inapika kuanzia ndani kwenda nje, na hiyo si kweli. Mawimbi yanaingia ndani ya chakula kwa sentimita 2.5 hadi 4 hivi tu. Baada ya hapo, katikati hupata joto kwa njia ileile ya zamani: joto linatambaa polepole kutoka upande uliokwisha kupata moto. Bonge la ugali, kipande kinene cha ndizi nyama au wali ulioshikana kwenye bakuli lenye kina kirefu vinahitaji muda wa joto kutambaa. Dakika moja na nusu haiutoi muda huo.

Usipashe kwa kipimo cha ulimi wa mtoto

Hapa ndipo kosa kubwa linapofanyika, tena kwa upendo. Mama hataki mwanawe aungue, kwa hiyo anakipasha chakula mpaka kiwe vuguvugu, kiasi cha kuliwa papo hapo. Anakionja, anaridhika, anampa. Kumbe vuguvugu ndiyo hali ambayo vijidudu vinaipenda. Shirika la Afya Duniani, katika kanuni zake tano za chakula salama, linasema vijidudu huzaliana haraka katika joto la kati ya nyuzi 5 na 60, na chakula kinapaswa kufika nyuzijoto 70 mpaka ndani ndipo kihesabiwe salama. Kiporo kilichopashwa mpaka vuguvugu hakijafika hata karibu na hapo.

Kwa hiyo kanuni ya kiporo cha mtoto inageuka. Kipashe mpaka kiwe moto kuliko anavyoweza kukila, kila upande, halafu kiache kipoe mezani mpaka kifike kiwango cha ulimi wake. Kipoe kwa kusubiri, si kwa kukatisha moto mapema. Ni kweli hilo linadai dakika tano zaidi, na asubuhi ya shule dakika tano ni mali. Basi kipashwe mtoto anapoingia kuoga, si anapovaa viatu.

Namna ya kukifikisha huko si ngumu. Wali uliotoka kwenye friji uvunjwe mabonge kwa uma kwanza, unyunyiziwe kijiko kimoja au viwili vya maji, utandazwe kwenye sahani pana badala ya kurundikwa kwenye bakuli, na ufunikwe. Mfuniko unazuia mvuke usikimbie, na mvuke ndio unaofika kule ambako mawimbi hayakufika vizuri. Uache upenyo mdogo pembeni. Washa dakika moja, toa, koroga kwa kuleta cha pembeni katikati na cha katikati pembeni, rudisha dakika nyingine moja. Kengele ikilia usikimbilie kutoa. Acha dakika mbili au tatu kama kilivyo, kimefunikwa. Dakika hizo watu huziona za kupoteza, lakini ndani ya hizo joto linaendelea kutambaa kwenda katikati. Ni sehemu ya mapishi.

Kisha pima katikati, siyo ukingoni. Ukingo wa bakuli ni shahidi wa uongo, maana vyombo vingine vyenyewe hupata moto haraka kuliko chakula kilichomo. Zamisha kijiko mpaka katikati, chota, angalia kama mvuke unatoka huko pia. Mwenye kipimajoto cha chakula atakitumia hapo. Wizara ya Kilimo ya Marekani inataka kiporo kisomeke nyuzi 74, na ukisoma sehemu mbili tatu ni bora zaidi.

Mchuzi ni rahisi kwa sababu unakorogeka, ilimradi mtu akumbuke kukoroga. Mapaja ya kuku yapangwe duara, upande mnene ukiangalia nje, katikati paachwe wazi. Ugali ukatwe vipande. Uji unahitaji uangalifu wa pekee: ni mzito, hauchanganyiki wenyewe, juu unatanda ngozi iliyotulia huku chini umechemka, na ukiutikisa unaruka. Bakuli la uji lijazwe nusu tu, na likorogwe kila baada ya sekunde 30.

Kiporo kisichorekebishika

Baadhi ya wazazi wakisikia hayo hufikiri kwamba moto ukishakuwa mkali, basi kila kiporo kinakuwa salama. Wali unawakatalia. Mchele unakuja kutoka shambani na mbegu za kijidudu kiitwacho Bacillus cereus, na mbegu hizo hazifi kwa kuchemshwa. Sufuria ya wali ikiachwa jikoni tangu chakula cha usiku mpaka asubuhi, kwa joto la Dar es Salaam au Tanga, mbegu zinaamka, zinazaliana, na kutoa sumu. Sumu ile inayotapisha haiharibiwi na kupasha. Unaweza kuwasha maikrowevu dakika kumi, wali ukawa mgumu kama kokoto, na sumu ikabaki. Kutapika huanza baada ya nusu saa hadi saa 6 hivi, yaani mtoto aliyekula saa kumi na mbili na nusu anaanza akiwa darasani.

Ndiyo maana usalama wa kifungua kinywa unaamuliwa usiku uliotangulia. Shirika la Afya Duniani linataka chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya muda wa saa 2. Kwa wali, mamlaka ya viwango vya chakula ya Uingereza inabana zaidi: upozwe na uingie kwenye friji ndani ya saa 1 ikiwezekana, usikae humo zaidi ya siku moja, na upashwe mara moja tu. Usiingize sufuria nzima ya moto kwenye friji na kuifunika, maana katikati yake itachukua muda mrefu mno kupoa. Utandaze kwenye chombo kipana, uache mvuke utoke, kisha ingiza. Na kinachotolewa kipashwe ni kile kitakacholiwa tu. Kupasha bakuli zima, watoto wakala nusu, nusu ikarudi kwenye friji kusubiri jioni, ni tabia ya kuacha.

Halafu kuna umeme. LUKU ikiisha saa nane usiku watu wamelala, friji inazima, na asubuhi mtu ananunua umeme, friji inanguruma upya na kila kitu kinaonekana cha baridi. Friji isiyofunguliwa hutunza ubaridi kwa muda wa saa 4 hivi. Ikizidi hapo, nyama, maziwa na wali uliopikwa havina tena sifa ya kupewa mtoto, hata kama havinuki. Inauma kutupa chakula, hasa mwisho wa mwezi. Kitanda cha hospitali na dripu vinauma zaidi na vina bei.

Umeme una kisa kingine ambacho maandishi ya kwenye boksi la maikrowevu hayakitaji. Jioni, mtaa mzima ukiwa umewasha pasi, majiko na taa, umeme unakuwa mdogo. Taa zinafifia na feni inazunguka kivivu. Maikrowevu nayo inafifia, ila haionyeshi. Inanguruma kama kawaida, inazungusha kisahani, inahesabu dakika zilezile na kulia kengele ileile, lakini nguvu iliyoingia kwenye chakula ni pungufu. Dakika mbili za saa tano asubuhi si dakika mbili za saa mbili usiku.

Njia ya kujua ni kikombe cha maji. Pima mililita 240 za maji, yapooze kwa vipande vya barafu, toa barafu, weka kijiko cha mti ndani ya kikombe, washa kwa nguvu zote na uangalie kupitia kioo. Yakichemka kabla ya dakika 2, mashine ina nguvu ya wati 1,000 au zaidi. Yakichukua kama dakika 3, ni ya wati 700 hivi. Yakizidi hapo, mashine ni dhaifu au umeme ni mdogo, na kila muda uliouzoea unapaswa kuongezwa. Fanya jaribio hilo mchana, urudie usiku, ulinganishe. Na umeme ukikatika kabisa chakula kikiwa ndani nusu kimepata moto, usikiache humo ukisubiri urudi. Kimalizie kwenye gesi.

Chupa ya maziwa isiingie

Kwa mtoto mchanga mambo yanageuka. Kwa maziwa yake, yawe ya mama yaliyokamuliwa au ya kopo, maikrowevu isitumike kabisa. Shirika la Afya Duniani linakataza kupasha maziwa ya kopo kwa njia hiyo, na madaktari wa watoto wanasema vivyo hivyo kwa maziwa ya mama.

Sababu ni yaleyale madoa. Chupa inaweza kuwa ya kawaida mkononi huku ndani kuna maziwa ya kuunguza. Mama anagusa chupa, anaona sawa, mtoto ananyonya na kuunguzwa kinywa na koo. Mtoto wa miezi mitatu hana namna ya kusema “ya moto”. Atalia, na watu watadhani ni gesi tumboni.

Wapo wanaosema wao huitikisa chupa vizuri kisha hudondosha tone kwenye kifundo cha mkono. Tone ni la kudondosha kila mara, hata kwa maziwa yaliyopashwa kwa njia nyingine, lakini tone moja linaeleza habari za mahali lilipotoka tu. Kuna njia isiyo na wasiwasi: bakuli la maji ya moto kutoka kwenye chupa ya chai, chupa ya maziwa inasimamishwa ndani yake dakika chache, inatolewa, inazungushwa taratibu, tone linadondoshwa. Dada anayebaki na mtoto aonyeshwe hivyo kwa vitendo siku ya kwanza. Dada wengi hukabidhiwa maikrowevu kwa maneno matano, “bonyeza hapa, fungua hapa, basi”, halafu likitokea la kutokea yeye ndiye anayefokewa.

Kuku wa friza

Barafu hainyonyi mawimbi hayo vizuri kama maji. Kwa hiyo kuku aliyeganda akiingia kwenye maikrowevu kwa nguvu zote, sehemu ndogo ya kwanza kuyeyuka, mara nyingi ncha ya bawa, inaanza kunyonya moto wote. Bawa linaiva na kukauka huku kifua bado ni jiwe. Kitufe cha kuyeyusha barafu hakina moto wa aina nyingine. Katika mashine nyingi huwasha na kuzima kwa zamu. Sikiliza, utaisikia inanguruma, inanyamaza, inanguruma tena. Katika kunyamaza ndipo joto linapotambaa. Geuza kuku kila baada ya dakika chache na tenganisha vipande kadiri vinavyoachia.

Aliyeyeyushwa kwenye maikrowevu apikwe palepale. Sehemu zake nyingine zimeshapata uvuguvugu, na kumrudisha kwenye friji “tutampika kesho” ni kuwafugia vijidudu. Na kumpika kuku mzima tangu mbichi mpaka kuiva humo, ingawa watu wanafanya, haifai kwa nyumba yenye watoto na isiyo na kipimajoto. Sufuria ipo.

Vyombo na vinavyolipuka

Hotpoti zenye chuma ndani, karatasi ya foili na vikombe vya wageni vyenye mstari wa dhahabu vitatoa cheche. Hilo wengi wanalijua. Wasilolijua ni kwamba sahani za melamini, zile ngumu nyepesi zenye maua zilizojaa makabatini, nazo hazitakiwi humo. Ni za kupakulia tu. Kopo la majarini au la aisikrimu lilitengenezwa kwa kitu cha baridi, likipata mchuzi wa moto wenye mafuta linalegea na kuachia vitu vyake kwenye chakula. Bakuli la kioo kinachohimili moto au la udongo uliochomwa, lisilo na rangi ya chuma, linatosha kwa kila kitu. Chapati zilizokuja zimefungwa kwenye gazeti zifunguliwe kwanza. Gazeti ni la kusoma. Humo ndani linaweza kushika moto, na wino wake si kitoweo.

Yai lenye ganda hulipuka. Yai lililochemshwa na kumenywa nalo hulipuka, mara nyingine linapong’atwa, jambo baya zaidi. Likatwe kwanza. Soseji na viazi vyenye ganda vitobolewe kwa uma. Na maji matupu yaliyopashwa kwenye kikombe laini kisafi yanaweza kupita kiwango cha kuchemka bila kutoa hata povu moja, kisha yakaruka usoni mtu anapotumbukiza sukari. Kijiko cha mti kikikaa ndani tangu mwanzo huzuia hilo, ingawa kwa chai birika ni rahisi zaidi.

Ama hofu ya kwamba mionzi inabaki kwenye chakula na kuleta saratani, chakula cha maikrowevu hakibaki na mionzi. Mawimbi yanakoma mashine inapozima au mlango unapofunguliwa, kama mwanga unavyokoma taa ikizimwa. Wavu ule wa matundu madogo kwenye kioo cha mlango unayazuia yasitoke kwa sababu wimbi la sentimita 12 halipenyi kwenye tundu la milimita. Cha kuogopa ni mlango uliopinda, usiofunga sawasawa au wenye bawaba zilizovunjika. Mashine ya hivyo isitumike mpaka fundi anayezijua aione, na asiifungue mtu mwingine nyumbani, kwani ndani kuna kifaa kinachotunza umeme mkali hata baada ya kuchomoa waya.

Juu ya friji

Jikoni ni padogo, kwa hiyo maikrowevu imepanda juu ya friji. Kwa mtu mzima ni sawa. Kwa mtoto wa darasa la tatu aliyerudi saa tisa mchana na njaa, hapo ni juu ya kichwa chake. Anasogeza stuli, ananyoosha mikono, anafungua mlango, anavuta bakuli la mchuzi asiloliona ndani. Likimponyoka, linatua usoni na kifuani.

Mashine ikae mahali ambapo mtumiaji wake mfupi kuliko wote anaiona kwa juu: juu ya meza imara, kabati fupi, hata stendi ya mbao ya fundi wa mtaani. Nyuma na pembeni paachwe nafasi ya kupumua. Mtoto anayeruhusiwa kuitumia afundishwe kushika chombo kwa vitambaa viwili vikavu, na kufunua mfuniko kwa kuinua upande ulio mbali naye, ili mvuke utokee huko na si usoni. Asiyefika huko kwa kimo au kwa utulivu aachiwe mkate na ndizi mezani.

Akiungua, maji ya bomba yanayotiririka juu ya jeraha kwa dakika 20, bila barafu. Nguo iliyolowa mchuzi ivuliwe, ila iliyoganda kwenye ngozi iachwe. Dawa ya meno, ute wa yai na unga wa ngano vibaki kabatini, maana daktari atalazimika kuvikwangua ndipo aone jeraha. Baada ya maji, funika kwa kitambaa kisafi kisichonata na umpeleke kituo cha afya, hasa kama ni uso, mikono au sehemu za siri, au kama mtoto ni mdogo.

Na aliyetapika baada ya kiporo apewe maji yenye chumvichumvi ya ORS, kidogo kidogo kwa kijiko. Akishindwa kunywa, akilegea, macho yakiingia ndani au choo kikiwa na damu, asisubiriwe mpaka kesho. Huko hospitali, wakiuliza alikula nini, litajwe na lile bakuli la asubuhi.